Barua kwa Somo Yangu Anayehamia Shambani

Ganda, Malindi
Februari

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yako ilinifikia Ijumaa iliyopita pamoja na halua, na halua yenyewe iliisha kabla sijafika ukurasa wa pili, kwa hivyo mwambie mama kwamba wajukuu zake wa Malindi wanamshukuru. Sisi ni wazima. Kifungua mimba wangu yuko gredi ya 3, wa pili yuko PP2 ya chekechea, wa tatu ana miaka 3 na haachi kitu mahali pake, na mdogo ametimiza miezi 9 na kudungwa sindano ya surua juma lililopita. Sasa kijihoma cha chanjo kimemshika, hataki kulala ila kifuani, ndiyo maana nakuandikia usiku huu kwa mkono mmoja.

Umeniambia kwamba mumeo ameamua mhamie shamba la kule Hindi, bara ya Lamu, kabla ya masika, na kwamba kinachokunyima usingizi si giza wala nyani, bali ni jinsi utakavyoitunza nyumba ukiwa na watoto watatu wadogo na jembe mkononi. Umeniuliza ni saa ngapi ninazoziweka kwa kazi za nyumba na saa ngapi kwa shamba. Nimelizungusha swali hilo siku kadhaa, kwa sababu ndilo nililojiuliza mimi mwenyewe nilipoletwa huku miaka 9 iliyopita, na nilipoteza mwaka mzima nikilitafutia jibu ambalo halipo.

Unakumbuka tulivyolelewa Langoni, mjini Lamu. Baada ya sala ya alfajiri kiwanda, yaani ua wa ndani, kilifagiwa, vidaka vya ukutani vikapanguswa, kabla ya adhuhuri tui limekwisha kamuliwa, na alasiri mama zetu walikuwa wameoga na kukaa. Ratiba hiyo niliileta hapa nzima nzima, pamoja na mapazia meupe ambayo hadi leo yamo sandukuni. Nilichokuwa sijakitambua ni kwamba nyumba ya Lamu ilitulia kwa sababu chakula kililimwa na mtu mwingine, mahali pengine, na uchafu wa kukilima haukuwahi kupanda ngazi zetu.

Aliyenifungua macho ni mavyaa. Ilikuwa kaskazi yangu ya kwanza hapa, korosho zinaanguka usiku na mchana, na kifungua mimba, ambaye ndiyo kwanza ajifunze kutembea, alikuwa akijikokota chini ya mikorosho na kufyonza mabibo mpaka maji yake yakamtiririka kifuani. Nilimvua kanzu yake, nikaisugua kwa sabuni ya mche, nikatia ndimu, nikaianika juani, nikarudia siku ya pili na ya tatu. Mavyaa alikuja kuniangalia akiwa na ungo wa korosho kichwani, akaitazama ile kanzu, akasema, “Mwanangu, doa la bibo haliendi popote. Zinazokwenda ni korosho.” Nilipotoka kuangalia nilikuta nyani wamekwisha pita upande wa kusini, na zilizobaki chini zilikuwa zimelowa mvua na kuanza kuota. Tangu hapo kila mtoto wangu ana nguo moja ya mabibo, iliyokwisha kuwa ya rangi ya hudhurungi, na huvaliwa kuanzia Novemba hadi Februari bila mimi kuona aibu. Wakati wa kubangua nawaweka mbali, kwa maana mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi, na mdomo wa mtoto haungoji kuambiwa.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, somo: sina saa za nyumba na saa za shamba. Nina majira. Kuna majuma ambayo shamba linadai kila kitu, na kuna majuma ambayo nyumba inarudishiwa haki yake, na ugomvi wangu wote wa mwaka wa kwanza ulitokana na kutaka vyote viwili viwe sawa kila siku. Mwezi wa Juni, mahindi yakiwa yamekwisha paliliwa mara ya pili na mvua zimepungua, utaikuta nyumba yangu imepakwa chokaa, magodoro yameanikwa, na mahamri yanaumuka jikoni. Mwezi wa Desemba usinitembelee ukiwa na macho ya Langoni.

Na hapa pana jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nami nakuambia wewe mapema. Likizo za shule zimepangwa kana kwamba aliyezipanga hakuwahi kushika jembe Pwani. Watoto hufunga shule mwezi wa Aprili, ambapo masika yanaingia na mbegu lazima ziwe ardhini; hufunga tena Agosti, mahindi yanapovunwa; na likizo ndefu huanza mwishoni mwa Oktoba, embe na korosho zinapokaribia kuiva kwa pamoja. Yaani wakati ule unapohitaji mikono miwili, wote wanne wako nyumbani wakiulizia chakula. Nilikuwa nikiomba likizo ziishe. Siku hizi nazihesabu katika mipango yangu, kwa maana mtoto wa miaka 8 ni mtu mzima nusu ukimpa kazi inayomfaa.

Acha nikupe mfano wa mahindi. Unajua kwamba mahindi yakihifadhiwa yangali na unyevu huota kuvu yenye sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa upande wa Ukambani kwa ajili yake. Hapa kwetu, penye joto na unyevu wa bahari, hofu hiyo haiko mbali. Kwa hivyo kazi ya kupima ukavu nimewapa watoto wawili wakubwa. Wanachukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, wanatia mahindi kiasi cha robo yake, wanaongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, wanafunga, kisha wanaitikisa kwa zamu huku wakiimba, na kuiacha robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yanarudi kwenye turubai. Ikianguka chini yote, nitayatia kwenye gunia. Mwaka jana binti yangu alinikatalia mbele ya baba yake kwamba mahindi hayajakauka, nami nilikuwa na haraka ya kufunga magunia kabla ya manyunyu, na tulipoitazama chupa kwenye mwanga, chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kama umande wa asubuhi kwenye jani la mgomba. Tulianika siku mbili zaidi.

Wadogo ndio mtihani. Wakati wa palizi mwenye kunyonya namfunga mbeleko mgongoni mpaka jua linapopanda, halafu namlaza kwenye mkeka kivulini. Chagua kivuli kwa makini. Mimi nilitandika mkeka wangu wa kwanza chini ya mwembe wenye viota vya majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, na ukelele niliousikia sitausahau. Majimoto wenyewe usiwaue, kwa sababu wanafukuza wadudu wanaoharibu matunda na nazi; hama wewe. Mwarobaini wangu wa ukingoni hauna kitu, na hapo ndipo mkeka ulipo hadi leo.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani kwetu. Mwezi wa Agosti, miembe ilipotoa maua na tulipokuwa tukipulizia dawa ya ukungu, nilipata habari kwamba wageni wa mume wangu wanakuja kutoka mjini. Nikaingiwa na ile homa ya zamani ya kufagia. Kwenye kona ya ua palikuwa na bomba la kupulizia na dawa iliyobaki, na kwa kuwa kopo lake lilikuwa limepasuka na kuchafua sakafu, niliimimina mimi mwenyewe kwenye chupa ya soda, nikaificha nyuma ya mtungi ili pasionekane pachafu. Wageni walikaa, wakala, wakasifu ua wangu. Walipokuwa wakivaa viatu nikageuka, nikamwona wa tatu amechuchumaa nyuma ya mtungi, chupa kaipakata magotini, na kizibo kiko katikati ya meno. Hakikuwa kimefunguka. Nilimnyang'anya nikamwosha uso na mikono kwa maji mengi, nikakaa chini palepale, na wageni hawakuelewa kwa nini sikuwasindikiza.

Tangu siku hiyo dawa zote hukaa kwenye vyombo vyake vyenye maandishi, ndani ya kasha la mbao lililopigiliwa juu ukutani ghalani, lina kufuli, na ufunguo uko kwa baba watoto. Hakuna kitu kisicholiwa kinachoingia kwenye chombo cha kulia au cha kunywea. Panga langali mlangoni na magunia yangali barazani, na mtu akitaka kusema na aseme.

Kwa hiyo zipo kazi ambazo sizipunguzi hata katikati ya msimu wa embe. Kisima kinafunikwa kila mtu amalizapo kuteka, hata kama anarudi baada ya dakika mbili. Pipa la maji linafunikwa vilevile, mbu wasizalie humo. Maji ya kunywa nayachemsha usiku kwa makaa yanayobaki baada ya chakula, ili asubuhi yawe yamepoa. Sakafu ya vumbi nainyunyizia maji kabla ya kuifagia, kila siku, kwa sababu ya funza, na miguu ya watoto naikagua wakati wa kuwaosha jioni, kidole kwa kidole. Kuku wanatiwa tone la chanjo ya mdondo jichoni kila baada ya miezi 3, na kazi hiyo watoto wanaipenda kupita kiasi. Yaliyobaki, kuanzia kupiga pasi hadi kupanga vyombo kwa ukubwa, yanangoja Juni.

Chakula nimekirahisisha kuliko utakavyoniamini. Jioni natia kunde au mbaazi sufuria kubwa, na nusu yake ndiyo chakula cha mchana wa kesho. Viazi vitamu au muhogo huchemshwa usiku kwa ajili ya asubuhi. Kifungua mimba anakuna nazi kwenye mbuzi vizuri kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake, mimi nakamua tui. Mkate wa mofa nimeuacha kabisa, ukija utaniletea.

Kufua ndiko kulikonitoa jasho zaidi. Kutoka kisimani hadi nyumbani ni hatua 150, na siku ya kufua ilinimaliza ndoo 14. Nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba majuma ya palizi na ya embe yeye ndiye atakayejaza pipa kabla ya kwenda shambani na kuwaosha watoto jioni. Alinyamaza siku nzima, nadhani kwa kuhofia watakavyosema wazee barazani. Kesho yake nilikuta pipa limejaa, na wazee hawakusema lolote, au kama walisema, walimwambia yeye. Katika msimu wa embe namlipa mama mmoja jirani aje kufua mara mbili kwa juma. Usikubali kuletewa binti wa kukusaidia aliyestahili kuwa darasani, hata wazazi wake wakikusihi. Utakuwa umetua mzigo wako ukamtwisha mtoto wa mwenzio.

Sitakudanganya kwamba sichoki. Zipo jioni ninapolala na nguo nilizolimia, na zipo siku nawagombeza watoto kwa kosa ambalo ni uchovu wangu tu. Lakini wa pili, ambaye bado hajajua kusoma vizuri, anaijua embe ya ngowe na ya boribo kwa harufu akiwa amefumba macho, na aliyemfundisha ni mimi, siku ambayo vyombo vya mchana vilibaki havijaoshwa hadi magharibi.

Njoo kabla ya Aprili, ukae siku tatu, uje na watoto wamevaa nguo ambazo hutazililia. Katika barua yako hukunitajia kisima cha Hindi. Niarifu kama kina kifuniko, na kama hakina, mumeo akitengeneze chenye kitasa kabla hamjapakia hata godoro moja kwenye mashua ya Mokowe.

Nisalimie mama, mavyaa wako na wifi zako wote.

Wasalaam,
Somo yako