Mwanangu wa Lubumbashi, usiupime utawala kwa mauzo ya duka lako

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, dada zako hawajambo, na magunia ya dagaa uliyoagiza yameshapakiwa Kibirizi. Nahodha amesema akishusha Kalemie atakupigia. Hayo yamekwisha.

Ninaandika kwa sababu ya ule ujumbe wa sauti uliomtumia mjomba wako, naye akaufungulia sebuleni tukiwa wote tunakunywa chai. Ulisema Wakongo hawajui kutawaliwa. Ulisema enzi za Kabila mtoto, huyo Joseph, biashara ilikwenda, malori yalipita mpakani Kasumbalesa bila wasiwasi, na ninyi Watanzania mlioko huko mnaomba familia ile irudi. Ukamalizia kwamba watu wenyewe wanapenda ukoo: wametoka kwa mtoto wa Kabila wakaingia kwa mtoto wa Tshisekedi, basi na walipe. Mjomba wako alicheka. Mimi nilinyamaza kwa kuwa wageni walikuwepo, lakini maneno yale yameniuma na sitaki yapite hivihivi.

Ukoo huo, baba, sisi wa Kigoma tuliuona ukianza. Che Guevara alivuka ziwa akitokea hapa Kigoma, Aprili 1965, kwenda kuwasaidia waasi waliokuwa na Laurent Kabila ng'ambo. Novemba mwaka huohuo akaondoka, amechoka na vita visivyosonga. Kabila yeye akabaki na milima yake ya Fizi miaka na miaka, na dhahabu ya kule ikavuka ziwa kuja upande wetu. Mwaka 1975 nilikuwa msichana wa shule watu wake walipovuka usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kizungu waliokuwa Gombe kwenye utafiti wa sokwe. Kigoma nzima ilizungumza hilo kwa miezi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za Kabila kama ananisimulia nchi ya mbali. Jioni hewa ikiwa safi, milima ya Kongo tunaiona kutoka hapa Ujiji.

Mei 1997 akaingia Kinshasa, Mobutu akakimbia. Januari 2001 akapigwa risasi ndani ya jumba lake, na siku kumi baadaye mwanawe akaapishwa, kijana wa miaka 29. Nani alimpigia kura? Hakuna. Wakubwa waliomzunguka baba ndio waliomkalisha mtoto, na kura ikaja miaka mitano baadaye, 2006. Ukisema Wakongo wanapenda ukoo, anza hapo: walimkuta ameshakalishwa.

Sasa nikuulize jambo. Fizi ndiyo iliyomficha baba. Ndiyo iliyomlisha. Watu wa Fizi wako wapi leo? Nenda Kasulu, kambi ya Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na wengi wao ni Wabembe na wenzao wa Kivu Kusini, watu wa huko huko alikojificha. Ninawajua wanawake wa pale, nimewauzia vitenge, nimekaa nao msibani. Wamo waliokuja wakiwa wasichana, wakaolewa kambini, wakazaa kambini, sasa wanalea wajukuu kambini. Baba alitawala, wakawa kambini. Mtoto alitawala miaka kumi na minane, wakawa kambini. Huyu wa sasa, Félix Tshisekedi, alipoapishwa Januari 2019 baadhi yao walifunga virago kwa furaha, wakavifungua tena, kwa sababu huko kwao bunduki hazikunyamaza, na mwaka 2025 miji ya Goma na Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi, Goma Januari, Bukavu Februari.

Hao ndio unaosema walipe. Ni utawala gani ambao hawakuulipia?

Utanijibu kwamba wewe unaongea habari za Katanga, huko Lubumbashi uliko, na Katanga palikuwa na amani. Ulifika Lubumbashi ukiwa kijana, Samatta na Ulimwengu wakiwa Mazembe, na mwaka 2015 timu ikachukua ubingwa wa Afrika. Ulinipigia simu usiku ule huku mtaa wenu mzima, huo wa Lubumbashi unaoitwa Kenya, unaimba nyuma yako. Nilifurahi nawe. Ninaelewa kwamba ujana wako na utawala ule vimeshikamana moyoni mwako, na mtu hupenda miaka aliyofanikiwa. Lakini dagaa wako hupitia Pweto, na ukitoka Pweto kando ya ziwa Mweru unafika Kilwa. Siyo Kilwa yetu ya pwani, Kilwa ya Katanga. Waulize wazee wa pale habari za Oktoba 2004. Kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji ule, jeshi la serikali likaja kuutwaa, na likaua watu zaidi ya 70, raia watupu. Hiyo ni Katanga yako ya amani, na ni enzi zako hizo za Kabila mtoto. Wewe ulikuwa bado darasani hapa Ujiji, hukuyaona, nami sikulaumu kwa kutoyaona. Ninakulaumu kwa kusema hayakuwepo.

Na hilo la kupenda ukoo linaniudhi kuliko yote. Katiba yao ya 2006, kifungu cha 220, inasema idadi ya vipindi vya rais haiguswi. Kipindi cha mwisho cha Kabila kilikwisha Desemba 2016, naye hakutoka. Wakongo walifanya nini? Karibu miaka miwili kabla ya hapo, Januari 2015, walikuwa wameshaingia barabarani kupinga sheria ya uchaguzi ambayo ingemchelewesha kutoka, na wakafa, na ile sehemu ikaondolewa. Kisha Desemba 2017 na Januari 2018 wakatoka makanisani baada ya misa, rozari na Biblia mkononi, wakapigwa risasi. Thérèse Kapangala alikuwa binti aliyetaka kuwa mtawa. Aliuawa Kinshasa, kanisani kwao, Januari 2018. Rossy Mukendi aliuawa mwezi uliofuata, naye kwenye uwanja wa kanisa. Mimi ni Mwislamu na majina hayo ninayataja kwa heshima, kwa sababu walikwenda mikono mitupu. Watu wanaopenda kutawaliwa na ukoo hawaendi hivyo.

Hata huyu Félix, usiseme tu kwamba walimchagua mtoto wa Tshisekedi. Baba yake, Étienne, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha upinzani cha UDPS mwaka 1982 mbele ya Mobutu, akafungwa, akahamishwa, na hakuupata urais mpaka akafia Brussels, Februari 2017. Maiti yake ilikaa Ubelgiji zaidi ya miaka miwili, serikali na familia hawaelewani juu ya mazishi, hadi mtoto alipokuwa rais ndipo ikarudi. Wapo waliompenda mtoto kwa ajili ya baba, hilo ni kweli, na mimi silifichi, maana kiu ya miaka thelathini na mitano haikauki kwa mazishi. Lakini ule uchaguzi wa Desemba 2018, Kanisa Katoliki lililokuwa na waangalizi nchi nzima lilisema waziwazi matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale liliyoyakusanya. Nani basi alichagua? Ninyi wageni mlikuwa mnangoja tu njia ya mpakani ifunguliwe malori yapite.

Wala tusijione sisi ni safi. Zanzibar imetawaliwa na mtoto wa Karume miaka kumi, na tangu 2020 inatawaliwa na mtoto wa Mwinyi. Hapo hukutuma ujumbe wa sauti kusema Watanzania hatujui kutawaliwa.

Sasa nije kwenye nyumba yako, maana ndiyo hasa iliyonikalisha niandike. Umeoa Mluba wa Kasai. Mkweo alizaliwa Katanga, baba yake alikuja kufanya kazi kwenye reli na migodi, na mwaka 1992 na 1993 walifukuzwa pamoja na Wakasai wengine wengi mno. Wanasiasa wa jimbo walisimama majukwaani wakawaita wadudu. Watu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na watoto walikufa palepale kwa kipindupindu na njaa. Mkweo alinisimulia mwenyewe mlipokuja kwa harusi, tukichambua mchele nyuma ya nyumba. Huko Lubumbashi jina la Kabila ni jina la watu wa huko, na jina la Tshisekedi ni jina la Wakasai. Ukisimama dukani ukasema familia ile irudi, wewe unadhani unazungumzia bei ya dizeli. Mkweo anasikia Likasi.

Na usisahau kwamba Septemba 2025 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Joseph Kabila kifo, mwenyewe akiwa hayupo, kwa uhaini na makosa ya vita. Hukumu hiyo iwe ya haki au isiwe, mimi si hakimu. Najua tu kwamba jina hilo leo si la kutupa ovyo kwenye simu ya mgeni mwenye duka na kibali cha kuombea kila mwaka. Sikuambii uogope. Nakuambia usiwatie watu wa nyumbani kwako hatarini kwa maneno ambayo hata ukweli hayana.

Kuna la mwisho, la mjukuu wangu. Mwaka 2021 mbunge mmoja alipeleka bungeni Kinshasa muswada uliotoka kwa mwanasiasa Noël Tshiani, kwamba urais na vyeo vikubwa wapewe tu wale ambao baba na mama wote ni Wakongo. Wengi walisema umelengwa kwa mwanasiasa Moïse Katumbi, huyohuyo wa Mazembe unayempenda, kwa kuwa baba yake alitoka Ugiriki. Mwanao ana baba Mtanzania. Simtafutii urais. Lakini watu waliochoshwa na koo za wakubwa wanaweza kugeuka wakaanza kuhesabu damu ya kila mtu, na mtoto kama huyo ndiye wa kwanza kuulizwa kwenu wapi. Ndiyo maana ninataka baba yake awe mtu anayewapenda watu wa mama yake, na aonekane hivyo mtaani.

Wewe mambo yakichafuka una Kigoma. Utapanda basi mpaka Tunduma, au boti Kalemie, chumba chako kipo. Mke wako na mkweo wangekwenda wapi? Sitaki kuwaona Nyarugusu.

Basi ninakuomba haya. Nenda kwa mkweo, siyo kwa simu, nenda mwenyewe, ukae naye akusimulie Likasi, na usimkatize. Kile ulichokisema kwenye ujumbe ule, ukawaambie wenzako wa pale mtaani kwamba umekifikiria upya. Kisha uende ubalozi wetu mdogo hapo Lubumbashi ukaulize habari za cheti cha mtoto. Kongo uraia wao ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine, na huku kwetu akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua. Nataka karatasi zake zote mbili, za kwa mama na za kwa baba, ziwe tayari kabla hajaanza darasa la kwanza. Nitumie nakala kwa dereva yeyote anayekuja Kigoma, siyo picha ya simu, nakala yenye mhuri.

Msalimie mke wako, na mkweo mwambie vitenge alivyovitaka nimevipata.

Mama yako