Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Wapeni Makedi Grini ya Mazoezi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu za heshima. Mashindano ya gofu ya Kenya Open yamekwisha, kombe limeondoka tena na mgeni, na wengi wa wachezaji wetu walikuwa wametolewa na kufunga mifuko tangu Ijumaa jioni. Mashindano haya yalianza mwaka 1967. Hadi leo hakuna Mkenya aliyeyashinda. Jacob Okello alifika mlangoni mwaka 1998, akamaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, kisha akapoteza kwenye mashimo ya nyongeza.

Kila mwaka kombe linapokabidhiwa tunaahidiwa kwamba vipaji vya nyumbani vitakuzwa. Tumesubiri kwa adabu, na sasa subira imetuishia.

Mheshimiwa, orodha ya mabingwa wa Kenya Open ina jina la Seve Ballesteros, mwaka 1978. Mwaka uliofuata alishinda The Open kule Uingereza, moja ya mashindano makuu manne ya gofu duniani, na hadi 1988 alikuwa amebeba mataji makuu matano. Alikuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Katika klabu ya Pedreña, Uhispania, makedi hawakuruhusiwa kucheza uwanjani, kwa hiyo alijifunza ufukweni kwa fimbo moja ya chuma, namba 3, aliyopewa na kaka yake Manuel, na usiku akaingia uwanjani kwa kujificha. Akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1974 akiwa na miaka 16. Miaka miwili baadaye akashika nafasi ya pili The Open. Watu humsifu kwa kipaji, nacho alikuwa nacho, lakini kipaji hicho kilipata nyasi za kukanyaga kwa sababu mtoto yule alithubutu kuziiba. Je, Serikali inangoja vijana wetu nao waruke ua usiku?

Wachezaji wetu wengi wa kulipwa wametoka kwenye ukedi. Kedi hubeba mfuko mchana kutwa na, katika klabu nyingi, huruhusiwa kucheza Jumatatu tu. Sasa tazama Jumatatu ni siku gani. Ndiyo siku wanachama hawapo, kwa hiyo ndiyo siku ya kutengeneza uwanja: grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, zinatobolewa, zinamwagiwa mchanga, mashimo yanahamishwa. Mpira unarukaruka. Kijana akiupiga kwa usahihi, unapinda. Akiukosea, pengine unaingia. Hawezi kujua kosa ni la mkono wake au ni la mchanga, na baada ya miaka ya hivyo anazoea kuugonga mpira kwa nguvu ili upite juu ya vikwazo.

Mkono huohuo ndio anaouleta Kenya Open. Grini ya siku za kawaida hukatwa kwa milimita 4 hadi 5, na kipimo cha kasi, yaani umbali ambao mpira huviringika, husoma kama futi 8. Ya mashindano hukatwa karibu milimita 3, na kasi hufika futi 11 au zaidi. Mteremko ni uleule, lakini mpira ukienda mbali zaidi kwa mguso mdogo, unapinda zaidi pia. Anayepiga kwa nguvu ya Jumatatu anapitiliza shimo kwa futi sita, na kurudi kunamgharimu pigo la tatu. Hilo likitokea mara mbili kwa raundi, raundi mbili ni mapigo manne, na mchujo huwabakiza 65 bora pamoja na waliolingana nao. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Nafikiri watu wanaolaumu moyo wa wachezaji wetu hawajawahi kuzihesabu pati zao, yaani mapigo yao ya kwenye grini.

Mwaka 2024 zawadi zote zilikuwa dola milioni 2.5, na bingwa alichukua dola 425,000. Anayetolewa Ijumaa hapati kitu, ilhali amelipa nauli, chakula na kedi wake. Mfukoni hana akiba ya kwenda kujaribu mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Afrika Kusini. Na hata akienda pwani tu, lazima apime upya: fimbo namba 7 inayofika yadi 165 Nairobi, karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito zaidi, hufika kama 152. Hesabu hiyo huijui kwa kusikia, unaijua kwa mipira mingi.

Hatuombi uwanja wa mashimo 18, Mheshimiwa. Tunaomba grini mbili za mazoezi kwenye ardhi ya umma, moja yenye mteremko, zikatwe milimita 3 mwaka mzima. Tunaomba mashine moja ya kukatia yenye visu vya silinda, kwa kuwa mashine ya kawaida ya bustani huchana nyasi. Tunaomba maji ya uhakika, mtunza nyasi mwenye mshahara, na lango lililo wazi saa 12 asubuhi hadi magharibi bila kadi ya uanachama. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ipo tangu 2018, na iko chini ya wizara yako.

Tukikosa mashine, tupeni grini. Tukikosa mbili, tupeni moja, mradi kedi aruhusiwe kuikanyaga Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nyasi za grini zinahitaji miezi kadhaa kukomaa kabla ya kustahimili kukatwa fupi hivyo, kwa hiyo zikipandwa mwezi mmoja kabla ya mashindano hazitamsaidia mtu. Tunaomba zipandwe mvua zijazo zikianza.

Wako kwa heshima,
Mkufunzi wa gofu, Nairobi