Ukimwambia "skroli dauni" unampoteza

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaohudumia watu dirishani, na wale wa huduma kwa wateja wanaoelekeza watu kwa simu. Nina steshenari Tandika. Siku hizi kutoa kopi kumepungua; kazi kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: namba ya mlipakodi (TIN), mikopo ya wanafunzi, maombi ya kazi. Wengi huja wakiwa wameshajaribu wenyewe wakakwama, na ukiwauliza walikwamia wapi, utasikia waliambiwa "skroli dauni", yaani washuke chini ya ukurasa.

Sina ugomvi na Kiingereza. Hata ukisema "shuka chini" shida iko palepale. Kwenye simu, ili uone vilivyo chini ya ukurasa, kidole lazima kiende juu. Mtu mzima akisikia "chini" anavuta kidole chini, na hapo ametii alichoambiwa. Sasa kama yuko mwanzo kabisa wa ukurasa, simu nyingi huchukulia kwamba anataka ukurasa ufunguke upya. Kiduara kinazunguka, fomu inarudi tupu, na bando limeliwa.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Mbagala. Alikuwa ameshajaza majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, kata na mtaa, akapiga simu kuuliza abonyeze wapi ili fomu iende. Akajibiwa, "Mama, skroli dauni, utaona palipoandikwa Tuma." Akavuta, vyote vikafutika. Akarudia kujaza, akavuta tena. "Mwanangu," akaniambia, "kila nikishuka inanirudisha mlangoni." Nikamwambia, "Mama, weka kidole katikati ya kioo, sukuma kwenda juu polepole." Akakiona kitufe mwenyewe.

Maelekezo haya ni ya kompyuta ya mezani. Kule unavuta kile kibao cha pembeni kwenda chini, na kweli unashuka. Mwaka 1996 Microsoft walipotoa IntelliMouse, mausi yenye kigurudumu, mambo yakawa vilevile: zungusha kuja kwako, unashuka. iPhone ya 2007 ndiyo iliyozoesha watu kushika ukurasa wenyewe kwa kidole. Upande ukageuka, maneno yakabaki. Mwaka 2011 Apple waliamua kugeuza na mausi ili ifuate kidole, kwenye OS X Lion, mfumo wa kompyuta zao, na watu waliokulia kwenye kompyuta walilalamika wee, wengine wakakimbilia kurudisha mpangilio wa zamani. Kama hao walichanganyikiwa, bibi aliyeachiwa simu ya mjukuu, kioo chenyewe kina ufa, tunamgombeza nini?

Na wanagombezwa kweli. Nawasikia kwenye spika ya simu hapa dukani: "Mama, nimeshasema chini!" Sauti inapanda, mteja anazidi kuvuta chini.

Ombi langu ni dogo. Muulize kwanza anatumia simu au kompyuta. Kisha taja kidole kifanye nini, si ukurasa uende wapi. Inachukua sekunde chache tu, hata foleni ikiwa ndefu.

Nanyi mnaotengeneza hizo fomu, zuieni ukurasa usifunguke upya mtu akiwa katikati ya kujaza. Inawezekana, na si kazi ya wiki nzima.

Mwenye steshenari,
Tandika, Dar es Salaam