Hiyo stiki usiiuze, Afande wangu

Mwanangu,

Habari ya huko Mbarara, baridi haijakumaliza? Sisi Kampala tuko, mvua na vumbi zinapokezana kama kawaida.

Nimeona ile picha uliyoweka kwa sitetasi jana usiku, stiki yako ya hoki imelazwa juu ya kitanda cha hosteli kama maiti halafu chini umeandika "inauzwa, bei maelewano". Sikujibu. Nilianza kukuandikia meseji ikawa ndefu nikafuta, nikaanza tena, mpaka babako akaniuliza we unagombana na nani kwenye hiyo simu, basi nimeona bora barua, utaisoma ukipata nafasi, hata ukiwa kwa takisi.

Najua wamekuacha nje ya timu. Uliniambia kwa maneno matatu na mi ndo niliyekuzaa, najua hayo matatu yamebeba nini. Sitakudanganya ati kocha hajui kazi. Nimekuona ukicheza. Pasi zako nzuri, unaona mbali, lakini ukipokonywa mpira unasimama unamwangalia aliyekupokonya kama vile atarudi kukuomba msamaha, na wenzako sai wanakimbia. Huo ndo ukweli na hata babu yako Afande, ambaye umebeba jina lake, angekwambia hivohivo tena kwa kufoka.

Ila kuachwa timu na kuuza stiki si jambo moja. Kuachwa timu mi ni profesa. Miaka yote hiyo nacheza hoki, timu ya kwanza nimeanza mechi labda nne, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu watu walikuwa na malaria.

Unajua nilikulia Naguru barakisi, kambi ya polisi, kwenye zile yunipoti, nyumba za mabati, za mviringo, saa saba mchana ukiwa ndani ni kama uko kwenye sufuria limefunikwa. Kwa hiyo watoto wote tuko nje. Waacholi, Wateso, Walugbara, Wagisu, lugha yetu hapo uani ni hiki Kiswahili chetu ambacho Watanzania wakikisikia wanashika kichwa, na tukiteremka mjini watu wakitusikia wanajua tu, hao ni watoto wa polisi, shika begi lako vizuri. Kutoka barakisi mpaka uwanja wa hoki wa Lugogo ni kushuka kilima tu. Tulikuwa tunaenda kuning'inia kwa uzio kuangalia watu wanacheza, halafu tunarudi kuiga, stiki ni tawi la mpera ambalo mjomba wako amelikausha motoni likapinda, mpira ni soksi na kavera, mifuko ya plastiki, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Wachezaji kumi na moja kila upande wapi, sisi tulikuwa hata thelathini, kuku ndani.

Aliyenitoa kwenye tawi la mpera ni mzee mmoja Kalasinga, mmoja wa wale Wahindi waliofukuzwa na Amin wakarudi miaka ya tisini mwanzoni kudai nyumba zao. Jioni alikuwa anakuja Lugogo na kiti chake cha kukunja, anakaa anatukana marefa kwa Kiswahili kisafi kushinda chetu. Siku moja ananiita, we msichana, mbona unapigapiga kama unaua nyoka? Akanipa stiki ya mti, ya mforosadi, ya zamani, imefungwa tepu mpaka imenenepa. Nikashika kama kawaida yangu, kulia juu, kushoto chini. Akacheka. Akanizungushia mikono.

Sasa sikia, hii ndo sababu nimekuwa mtu wa hoki mpaka leo na sijawahi kukueleza. We unajua mi ni wa mashoto. Shuleni mwalimu wangu alikuwa akiona kalamu kwenye mkono wa kushoto anachapa vidole kwa ubavu wa rula, darasa la pili mpaka la nne, mpaka nikajifunza kuandika huu mwandiko wa kulia ambao mnaucheka. Kwenye hoki hakuna stiki ya mashoto. Sheria haina, wote mnashika namna moja, bapa liko upande mmoja tu, ule mgongo wa mviringo ukigusa mpira filimbi inalia. Nikajua basi hata hapa nimeshindwa. Mzee akanambia hapana, angalia, mkono wa kushoto ndo unakaa juu kabisa, huo ndo unazungusha stiki, huo ndo bosi, wa kulia ni kibarua, unashikilia na kusukuma. Nilisimama pale nikaizungusha ile stiki, bapa huku, bapa kule, mpira unaenda kulia unarudi kushoto, na mkono wangu uliochapwa miaka mitatu ndo unaendesha kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilienda nyumbani hata kula sikula.

Huyo mzee ndo alinisimulia ya Olimpiki ya Munich. Kila mtu Uganda anajua 1972 mkimbiaji wetu Akii-Bua alichukua dhahabu kwa sekunde 47.82, shule zinafundisha, lakini waulize watu mtaani kama wanajua michezo ileile Uganda ilipeleka timu ya hoki, watakuangalia hivi. Tulikuwepo. Na wengi kwenye ile timu walikuwa Wahindi na Wagoa wa hapahapa, michezo inafunguliwa Agosti mwishoni, na mwanzoni mwa mwezi uleule Amin keshatangaza Wahindi wana siku 90 za kuondoka nchini. Yaani unakimbia na jezi ya nchi na huku nyumbani watu wako wanafunga masanduku. Mzee akifika hapo alikuwa anakunja kiti anaondoka, hata kama mechi haijaisha.

Mambo mengine nayapita haraka. Kile kidole changu kilichopinda unachokichekaga nilikipata kwenye kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na goli, nimetoka mstarini kuzuia, mpira una kama gramu 160 lakini ukija vile unahisi kilo. Ofsaidi ilikuwepo nilipoanza, ikaanza kuondolewa 1996 na sisi tukaendelea kubishana nayo msimu mzima kwa sababu kila refa alikuwa na habari zake. Na kuna kiongozi mmoja alikusanya hela yetu ya safari, tumeuza mandazi miezi miwili kuipata, mpaka leo hajasema iliko. Nikikutana naye mjini ananiita "maama" kwa heshima kabisa.

Safari tulienda ingawa kwa kukopa. Nairobi, City Park. Hapo ndo mara yangu ya kwanza kukanyaga kapeti, yaani nyasi bandia, mi nimezoea majani na matuta ya Lugogo ambapo mpira unaruka kama panzi na unacheza huku unaomba Mungu. Kwenye kapeti mpira ukipigwa unafika. Nilikuwa nanyoosha stiki kuupokea na tayari umepita zamani. Tulifungwa saba. Mimi nikafunga moja, nikapiga kwa hasira zote ukaingia wavuni, nikakimbia nusu uwanja nashangilia mikono juu, nageuka naona niko peke yangu, hata wenzangu wameinama. Nilikuwa nimepigia nje ya dii, ile nusu duara mbele ya goli. Goli la hoki usipolipiga kutoka ndani ya dii si goli, hilo nalijua tangu mtoto, lakini ile raha ilinisahaulisha. Ndo goli langu la pekee la kimataifa, halimo kwenye matokeo.

Halafu ukazaliwa we. Ulikuwa na miezi mitano nikarudi uwanjani na ulikuwa unalala kwenye begi la kipa, lile kubwa, pedi zake mbili ndo godoro, zipu wazi. Ulikuwa ukinuka jasho la kipa mpaka Jumatano na babako hakupenda.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. 2008 mdogo wako kaja, kazi imebana, karo ya chekechea, nikasema haya mambo ya kukimbia na vijiti mi si mtoto tena. Nikaiuza ile stiki ya mzee. Shilingi elfu thelathini, kwa kijana mmoja wa Nakawa aliyesema anataka kujifunza. Sikulia wala nini, nilinunua unga na sabuni nikasahau. Miaka sita sikucheza. Kwa nini nilikuwa napiga kelele sana nyumbani miaka ile, utamuuliza babako, alikuwa na maoni.

2014 natoka mazishini Ntinda, usiku, tunapita kwenye geti la duka moja, askari amekaa kwenye kreti ya soda na stiki magotini. Nikasimama. Tepu ya chini ilikuwa ileile, niliifunga mwenyewe kwa mpira wa tairi ya baiskeli, na juu kidogo ya bapa kuna pengo mahali ilipogonga nguzo ya goli. Nikamuuliza umeipata wapi, akasema kuna mtu alimwachia. Nikamwambia niuzie, nikataja elfu hamsini, nikapanda hadi themanini, babako ananivuta mkono. Yule askari akaigeuza akaiangalia, akanambia, "Mama, hii imeshanifukuzia wezi wawili. Nikikupa, nitabaki na nini?" Hakuwa mkorofi. Alinionyesha hata anavyoishika. Kulia juu.

Wiki ile nikanunua nyingine, hizi za kisasa za kaboni, nyepesi, nzuri sana, ndo hiyo ninayochezea. Siilaumu, lakini si ile.

Jumapili bado tuko Lugogo saa kumi. Tukiwa saba saba sawa, tukiwa watano watano sawa. Kuna wakili mmoja, kuna wa boda ambaye anaegesha nyuma ya goli na abiria wakipiga simu anatoka katikati ya mechi, kuna mama anauza nyanya Nakawa na anapiga rivasi, ule mpigo wa stiki iliyogeuzwa, ambayo we huna. Hakuna kocha wa kukuacha nje, tatizo letu ni kwamba watu hawatoshi.

Hiyo picha itoe kwa sitetasi kabla mtu hajakujibu. Na ukipanda basi wikendi uje na shinigadi zangu, vile vikinga vya miguu, najua ziko kwako, nilitafuta nyumba nzima.

Mamako