Malalamiko kuhusu kazi ya kupandisha tovuti yetu katika matokeo ya Google

Katibu,
Kikundi cha wanawake wachakataji wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya huduma za tovuti na masoko ya mtandaoni,
Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSHUKA KWA TOVUTI YETU, TAARIFA ZISIZO ZA KWELI NA MADAI YA MAREJESHO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kwa niaba ya wanachama wa kikundi chetu, ambao ndio waliochanga fedha mliyolipwa. Tulikuja kwenu na haja moja iliyo wazi: mnunuzi wa jumla aliyeko Dodoma, Kisumu au Lubumbashi akitafuta dagaa wa Ziwa Victoria kwenye Google, atuone. Mlituahidi kwa maandishi kwamba tutashika nafasi ya kwanza. Leo hatuonekani kabisa kwa utafutaji huo, na kinachotuuma zaidi ni kwamba hata mteja anayeifikia tovuti yetu kwa njia nyingine anasoma habari zetu ambazo si za kweli.

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo zito. Kabla ya mkataba wetu, tovuti ilikuwa na kurasa chache zilizoandikwa na wanachama wenyewe. Zilieleza jinsi tunavyoanika dagaa kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini ili wasishike mchanga, jinsi tunavyowachambua na kuwafungasha, na kwa nini mzigo hupungua na bei kupanda wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa taa za wavuvi huvuta dagaa vizuri zaidi usiku wa giza. Hayo ndiyo maswali ambayo wanunuzi hutuuliza kwa simu kila siku. Mlizifuta kurasa zote hizo bila kutushauri, mkaweka maandishi marefu yanayorudia maneno "dagaa bora", "dagaa wa jumla" na "dagaa bei nafuu" karibu katika kila sentensi, na ndani yake mkaandika kwamba dagaa wetu huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Mfanyabiashara yeyote wa Mwaloni angewaambia maana ya sentensi hiyo: dagaa wenye mchanga huishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya chini sana. Wanachama wetu walijinyima ili wajenge vichanja, nanyi mmewatangazia ulimwengu kinyume chake kwa fedha yao wenyewe.

Maandishi hayohayo yanasema kwamba dagaa wetu ni samaki wale wale wa Kigoma. Si kweli. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao majirani zetu wa Kenya huwaita omena na wa Uganda mukene, ni jamii tofauti na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na mnunuzi anayewafahamu hawezi kuwachanganya. Mngetuuliza swali moja tu, mngepata pia majina hayo mawili ambayo wateja wa ng'ambo ya ziwa huyaandika wanapotafuta, na ambayo hayamo popote katika kazi yenu.

Kuhusu ahadi ya nafasi ya kwanza, mwongozo wa Google yenyewe kwa wenye tovuti unatahadharisha kwamba hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo. Ripoti mliyotuletea kuthibitisha mafanikio ilionyesha kuwa tunaongoza pale mtu anapotafuta jina la kikundi chetu, jina ambalo hakuna mwingine analitumia. Mtu anayelijua jina letu tayari ni mteja wetu. Tuliwalipa ili tuonekane kwa yule asiyetujua.

Baada ya hapo mlitengeneza kurasa nyingi zinazofanana neno kwa neno, isipokuwa jina la mji: Dodoma, Arusha, Mbeya, Tabora na mingine, kila moja ikidai kwamba tuna ghala mahali hapo. Hatuna ghala nje ya Kirumba. Kuna mteja aliyezunguka Dodoma akilitafuta ghala hilo, kisha akatupigia simu kwa hasira iliyo halali kabisa, na kazi ya kumwomba radhi ikatuangukia sisi. Kurasa za namna hiyo, zinazotengenezwa ili kunasa utafutaji tu, zimekatazwa na Google kwa miaka mingi. Mwaka 2006 iliiondoa hata tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yake kwa kosa la aina hiyo. Kampuni inayouza huduma hii haiwezi kusema kwamba haikujua.

Ni vivyo hivyo kwa viungo mlivyonunua, yaani linki zilizowekwa kwenye tovuti nyingine ili zielekeze kwetu. Tangu Google ilipoanzishwa mwaka 1998, kiungo kutoka tovuti nyingine kimehesabiwa kama ushahidi kwamba ukurasa una manufaa, na ndiyo maana watu wakaanza kuvinunua. Aprili 2012 Google ilianza kutumia mfumo ulioitwa Penguin kuzishusha tovuti zinazojipandisha kwa viungo bandia. Mtaalamu tuliyemwomba msaada alithibitisha umiliki wetu kupitia seva tunayoilipia, akaingia Search Console, yaani zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, akakuta orodha ndefu ya viungo kutoka tovuti za kamari na za dawa za kupunguza unene, pamoja na taarifa kwamba wakaguzi wa Google wameichukulia tovuti yetu hatua kwa sababu ya viungo visivyo vya asili. Taarifa hiyo ilikuwepo wakati nyinyi mkiendelea kututumia ankara na kutuambia tuwe na subira. Hilo hatuwezi kulichukulia kama kupitiwa, kwa kuwa akaunti ya Search Console ilikuwa mikononi mwenu na sisi mlitunyima ruhusa ya kuiona.

Ankara zenyewe zina kipengele cha "kujaza maneno muhimu" katika sehemu ya kila ukurasa ambayo msomaji haioni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii sehemu hiyo katika kupanga matokeo.

Kwa sababu hizo, tunadai kwanza kabisa mrudishe kurasa zetu za awali kama zilivyokuwa, kwa kuwa nakala mlikabidhiwa, na mfute kurasa zote za maghala yasiyokuwepo pamoja na sentensi ya mchanga. Pili, mwombe kwa maandishi tovuti zote mlizozilipa ziondoe viungo hivyo, na vile vitakavyoshindikana mviorodheshe katika zana ya Google ya kukana viungo, kisha mtukabidhi kumbukumbu za kazi hiyo ili sisi wenyewe tuwasilishe kwa Google ombi la kuangaliwa upya. Ombi lisiloonyesha juhudi za kusafisha halitatusaidia. Mtukabidhi umiliki wa akaunti zote na usajili wa jina la tovuti, ambao mliuandika kwa jina la kampuni yenu ilhali gharama tulilipa sisi. Mwisho, mrejeshe malipo yote ya viungo, ya kurasa za miji na ya maneno muhimu, kwa mchanganuo wa ankara zenu wenyewe. Malipo ya kuifanya tovuti ifunguke vizuri kwenye simu hatuyadai, kwa sababu kazi hiyo mliifanya na inaonekana.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msipojibu, tutapeleka mkataba, ankara na picha za kurasa hizo kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Iwapo mtapenda kukutana nasi kabla ya hapo, njooni Mwaloni asubuhi, wakati wanachama wako vichanjani, na mje na yule aliyeandika maandishi hayo ili aone dagaa wanavyoanikwa kabla hajaandika tena habari zao.

Wako mwaminifu,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama.

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi, Mweka hazina wa kikundi.