Salamu za Jamhuri: Haki iwe Ngao

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Ama baada ya salamu, mimi katibu wenu ni mzima, na nyumbani Kisauni ni wazima. Hofu ni kwenu mlio mbali, Malindi, Garsen, Hola na Ngao, pamoja na watoto wetu wanaotafuta riziki Ghuba. Kila mwaka ikiingia Desemba huwa ni wajibu wangu kuwaandikia salamu za Sikukuu ya Jamhuri kwa niaba ya chama chetu cha kufa na kuzikana. Mwaka huu nimechelewa. Niliketi mara tatu kuandika, na mara tatu nikainuka. Mtanisamehe.

Kaskazi imeshika. Mchana jua ni kali na usiku hakulaliki ndani, watu wametandika mikeka barazani. Kongowea maembe yamejaa hadi nje ya soko, na wageni wa bara washaanza kuteremka na treni. Ukitazama kwa mbali waona Mombasa ya sikukuu kama tuijuavyo. Lakini ukiingia majumbani hali ni nyingine. Mafuta ya kupikia watu wanapimiwa kwa kikombe. Sukari inanunuliwa ya chai ya siku moja. Mahamri yamepanda bei na yamepungua ukubwa, na mama anayeyapika si wa kulaumiwa, maana naye unga anaununua duka lile lile. Nauli ya basi kutoka Mwembe Tayari hadi Garsen mwaka huu imewafanya wengi wenu mseme mtakwenda Pasaka, Inshallah. Hata mchango wa chama umekuwa mzigo. Nina daftari mbele yangu na nayaona majina yaliyorudi nyuma miezi mitatu, minne. Sitalisoma jina la mtu. Nawajua, na najua mngekuwa nacho mngetoa.

Mwaka huu tumezika watu saba. Wa tano alikuwa mama yangu mzazi.

Mlikuja. Mlikodi gari, mkasafiri usiku kucha pamoja nami mpaka Ngao, kijijini kwetu, Waislamu na Wakristo, na waliobaki Mombasa walinipikia watoto wangu. Sijawahi kuwaambia ahsante ipasavyo, kwa hivyo nasema leo: ahsanteni, Mungu awalipe. Na kwa kuwa leo ni salamu za Jamhuri, nataka niwasimulie jambo moja la mama, kwani linahusu wimbo tutakaousimamia sote tarehe 12.

Mimi nilianza shule miaka michache baada ya Uhuru. Kila asubuhi tulipanga mistari chini ya mwembe, bendera ikapandishwa, tukaimba. Tulipofika pale pasemapo "haki iwe ngao na mlinzi", watoto wote tulipaza sauti kwa nguvu zetu, maana tuliamini kwamba kijiji chetu kimetajwa. Mwalimu hakutusahihisha. Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia mama: sisi tumo ndani ya wimbo wa Kenya! Mama alikuwa anapepeta mpunga. Akauweka ungo chini akaniambia niimbe. Nikaimba ubeti wa kwanza wote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wamefanya vyema. Sauti wameichukua kwetu, jina lazima walitaje."

Mama hakuwa na shule hata siku moja, wala hapakuwa na redio nyumbani kwetu. Lakini aliisikia mara ya kwanza akaijua. Ilikuwa sauti aliyonilazia mimi, na mama yake alimlazia yeye, na wanawake wote wa Mto Tana, sisi Wapokomo, walilazia watoto wao: Bee mdondo bee. Kwetu sisi watoto mdondo alikuwa mnyama wa gizani, na ule wimbo ulitunyamazisha kabla hajafika. Wapokomo mnaosoma hapa hamna haja ya kuelezwa. Wengine waulizeni majirani zenu Wapokomo wawaimbie, mtaisikia wenyewe.

Nilipokuwa mwalimu nami, nilirudi likizo nikiwa na ujuzi mwingi wa kijana, nikamfafanulia mama kwamba ngao ile ni ya kukingia mishale, si Ngao kijiji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni yenu ya shuleni. Mimi naomba haki iwe Ngao. Na mlinzi awepo." Akafa akiiomba hivyo hivyo.

Miaka mingi nimefundisha watoto wa Mombasa kuimba, na nimegundua kwamba wengi wetu tunausimamia wimbo huu bila kujua umetoka wapi. Serikali iliyokuwa ikijiandaa kwa Uhuru mwaka 1963 iliteua jopo la watu watano. Aliwaongoza Graham Hyslop, mtaalamu wa muziki mwenye asili ya Uingereza. Pamoja naye walikuwa George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na mchungaji wetu wa Pwani, Thomas Kalume. Walitaka wimbo ambao Mwafrika akiusikia ajue ni wake. Wangeweza kutunga wimbo wa gwaride wa tarumbeta za kijeshi, kama nchi nyingi zilivyofanya. Wao wakachukua bembelezi la Wapokomo. Mzee Meza Galana, wa Tana, ndiye anayetajwa kuwa aliibeba sauti ile kutoka mtoni hadi kwao. Maneno yakatungwa kwa Kiswahili, beti tatu, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza iliposhuka kule Nairobi na yetu ikapanda, wimbo ulioimbwa ulikuwa ule wa akina mama wa Tana wa kulazia watoto.

Hapa kwetu Mombasa usiku ule ulikuwa na uzito wa peke yake. Fort Jesus ilikuwa imepeperusha bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar miaka yote ya ukoloni, na ni Oktoba ya mwaka ule ule tu ndipo makubaliano yalipofikiwa kwamba Mwambao uwe sehemu ya Kenya. Kulikuwa na wazee wa mji walioshangilia na kulikuwa na waliofunga milango wakahuzunika. Sisemi haya kufufua ya kale. Nasema kwa sababu mara nyingi watu wa Pwani tunaambiwa, na sisi wenyewe tunaambizana, kwamba Kenya ni kitu kilichotufikia kutoka bara. Wimbo wake umetoka Pwani! Umetoka katika mto unaomwaga maji yake Kipini, mwendo wa basi moja kutoka hapa.

Ndugu zetu wa Tanzania wanaimba sauti aliyoitunga Enoch Sontonga kule Afrika Kusini mwaka 1897. Mtu yule alikufa maskini, kaburi lake likapotea, lakini likatafutwa, na mwaka 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Nilipojua habari hii nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikawafikiria wanawake wa Tana. Hakuna anayejua ni nani aliyeimba wa kwanza. Kaburi lake huenda mto ulishalichukua, kwani Tana hubadili njia na huchukua makaburi na mashamba pamoja.

Mwaka 2018 mtandaoni kulizuka mzozo, video yenye wimbo wetu wa taifa ikawekewa dai la hakimiliki kwa niaba ya kampuni moja ya Uingereza. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi nilijiuliza, hasira hiyo mbona hatujawahi kuwa nayo kwa ajili ya wenye sauti wenyewe? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inasema Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ikapitishwa mwaka 2016. Haya yote yameandikwa. Mama yangu alikufa bila kuombwa hata ruhusa, na nadhani angewapa bure kama wangemuomba.

Na mtoni kwenyewe? Mwaka 2024 Tana ilifurika, mpunga ukaenda, migomba ikaenda, watu wakalala juu ya magodoro yaliyolowa pembezoni mwa barabara. Mwaka 2012 ilikuwa mbaya kuliko mafuriko. Wapokomo na Waorma waliuana katika delta, zaidi ya watu mia moja wakafa, watoto na wanawake wamo. Watu waliolipatia taifa sauti ya "natukae na undugu" walikuwa wanazika watu wao makumi kwa makumi. Chama hiki kina Wapokomo na kina Waorma. Mwaka ule tulikaribia kuvunjika, mnakumbuka, na mzee wetu mmoja, marehemu sasa, alisimama kikaoni akasema yeye hatamzika Mpokomo wala Muorma, atamzika mwanachama. Tukakaa chini. Mpaka leo tumekaa.

Sasa niwaambie sababu ya kuchelewa kwangu.

Siku za mwisho mama alikuwa kwangu hapa Kisauni. Alikuwa hali tena, na usiku alikuwa akihangaika kama mtoto. Usiku mmoja nilikaa kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikaanza kumvumia Bee mdondo bee, polepole, bila maneno, maana maneno yalinikwama kooni. Akatulia. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa amelala mkekani. Akaamka, akasikiliza, kisha akasimama wima katikati ya chumba, mikono ubavuni, macho mbele, kama wanavyofundishwa shuleni. Akaniambia kwa kunong'ona, "Babu, simama. Wimbo wa taifa."

Nikasimama. Nikaendelea kuvuma nikiwa nimesimama. Mama alifumbua macho akatutazama, mzee na mtoto, tumesimama mbele yake kama mbele ya bendera. Alikufa siku ya pili, alfajiri.

Kila nikishika kalamu kuandika "Sikukuu njema ya Jamhuri", naliona lile tukio. Ndio maana nilikuwa nikiinuka.

Ndugu zangu, vijana hasa, nipeni masikio. Wimbo wa taifa ukiimbwa, simama, na usisimame kwa kuogopa askari. Simama kama unavyomsimamia mama yako akiingia chumbani, kwa sababu ni sauti yake. Zima simu. Mwenye kofia avue. Na mziimbe beti zote tatu, si ule mmoja halafu mkakimbilia soda. Ubeti wa pili unasema "amkeni ndugu zetu, tufanye sote bidii", na mimi nawaona vijana wenye afya wanakaa maskani tangu asubuhi hadi magharibi, muguka mashavuni, wakilaumu serikali. Laumuni serikali, ina ya kulaumiwa, lakini amkeni. Ubeti wa tatu unasema tuungane mikono na kila siku tuwe na shukrani. Shukrani kila siku, hata siku ambayo mafuta yanapimiwa kwa kikombe!

Na mtoto wako umwambie alikotoka. Usimwachie mwalimu. Ana bibi anayejua nyimbo za kutwanga, za harusi, za kuvuka mto, za msiba. Hizo simu mnazopigia picha sahani za pilau, zipelekeni kwa bibi zenu sikukuu hii, mwashe, mkae kimya, mwacheni aimbe. Andikeni jina lake na kijiji chake. Mama yangu nilikuwa na simu mfukoni miaka kumi na mitano, mimi mwalimu wa muziki, na sikumrekodi hata mara moja. Nilikuwa nikisema nitamrekodi Krismasi. Msifanye nilivyofanya.

Nanyi viongozi wetu, mlio humu mnanijua na mimi nawajua. Mwaka wa uchaguzi mkija kijijini kutukumbusha nani ni adui wa nani, mjue kwamba tutawasikiliza na tutarudi kumzika mwanachama. Tunataka mashamba yawe na karatasi, barabara isikatike kila mvua, na hospitali iwe karibu ili mgonjwa asilazimike kusafirishwa hadi Mombasa. Haki iwe Ngao. Iwe Garsen, iwe Hola, iwe Kisauni, iwe Likoni, na mlinzi awepo.

Basi kwa niaba ya mwenyekiti, mweka hazina na kamati nzima, nawatakia Sikukuu njema ya Jamhuri, Krismasi yenye baraka na mwaka mpya wa heri na fanaka. Mola awaponye wagonjwa wetu, awarehemu marehemu wetu, awafungulie riziki waliofungiwa, na atukutanishe tena mwakani tukiwa wazima. Amina.

Tarehe 12 tutakutana kwangu baada ya sala ya alasiri. Mchango wa chakula ni kila mtu alicho nacho, hata embe moja. Watoto wataimba wimbo wa taifa, beti tatu, nimekuwa nikiwafundisha kila Jumamosi. Baada yao shangazi yangu, mdogo wake marehemu mama, atatuimbia Bee mdondo bee. Amekuja kutoka Ngao juzi, sauti bado anayo. Nimeomba vijana wawili waje na simu zenye chaji ya kutosha.

Mkeka upo. Atakayekuja na mto wa kuegemea, shangazi ana mgongo.

Wenu, katibu,
Kisauni, Mombasa