Barua kutoka Luanda: nani aliyejenga shule zetu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani Luanda, Vihiga, magharibi mwa Kenya. Katika barua yako uliniuliza ni nani hasa aliyejenga shule za mji wetu, kwa kuwa watoto wako huko Nakuru wanaamini kwamba kila shule ya umma hujengwa na serikali. Nimezunguka nikitazama majengo na kuuliza wazee, na jibu langu ni kwamba wamisionari walileta walimu na vitabu, serikali ikaleta sera, lakini sehemu kubwa ya kuta zenyewe ilipandishwa na wazazi.

Kama ujuavyo, tumezungukwa na misheni kongwe. Wamisionari Wakweka (Quakers) kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, misheni ya Kima ikafuata 1905, na Maseno, ambayo iko kilomita chache tu kutoka sokoni kwetu, ilianzishwa na Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS mwaka 1906. Vijana waliosomea huko walitumwa vijijini kufundisha, na mara nyingi waumini wa kijiji ndio waliosimamisha nyumba ya fito, wakaikandika udongo na kuiezeka kwa nyasi, ikawa darasa siku za juma na kanisa siku ya Jumapili. Hapa kwetu sikuona hata moja iliyosalia, maana mchwa hawana heshima kwa historia. Hata hivyo sakafu za udongo sisi tulizikuta, na bila shaka hujasahau Ijumaa ambazo wasichana walibeba mavi ya ng'ombe na wavulana maji ya mtoni, darasa likasiribwa upya kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jengo ninalolipenda kuliko yote ni lile la matofali ya kuchoma lililo upande wa barabara ya Busia. Msingi wake ni mawe makubwa ya Bunyore, yaliyopasuliwa kwa moto kisha yakachongwa kwa nyundo, na matofali yake hayalingani, kwa sababu kila ukoo ulifyatua na kuchoma ya kwao. Chini ya dirisha la tatu utaona tofali lenye alama ya kwato za mbuzi, aliyelikanyaga lilipokuwa bado bichi likianikwa juani. Hiyo ndiyo harambee ya baada ya uhuru: anayekosa pesa alileta matofali, asiye na matofali alileta nguvu zake. Serikali ilipofuta karo ya madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, shule nyingi zilianza kutoza mchango wa majengo, na kwa wazazi wengi mchango huo ulikuwa mzito kuliko karo iliyofutwa. Nadhani jambo hili halisemwi vya kutosha tunaposifu elimu ya bure.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana ya useremala na chumba cha sayansi kimu, tena kwa haraka. Karakana yetu ina madirisha mapana na meza nzito za mninga, lakini masomo ya ufundi yalipopunguzwa baadaye, ikageuzwa ghala la madawati yaliyovunjika. Sijui jengo jingine katika mji huu lililogharimu jasho jingi hivyo likatumika kidogo hivyo.

Ya baadaye unayafahamu. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, wanafunzi wakafurika, na watoto wa madarasa ya chini wakasomea chini ya miti. Kisha fedha za CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, zikaleta madarasa ya mawe, kila moja likiwa na jina la mbunge kwa herufi kubwa ukutani, heshima ambayo waliofyatua matofali hawakuipata popote. Tangu 2023 wanafunzi wa sekondari msingi (junior school) wako katika uwanja uleule wa shule ya msingi, na wazazi wameitwa tena mkutanoni kuhusu maabara.

Nina ombi moja. Shangazi yako alifundisha hapa wakati paa lilikuwa la nyasi. Tafadhali mwulize mabati ya kwanza yalinunuliwa kwa pesa za nani, kwa sababu wazee wa hapa wananipa majibu mawili tofauti, na kila upande unadai zilikuwa za ukoo wake.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa darasa moja.